Visu vya Kilio

Watu wa barabara yetu wana tabia moja ambayo itanifikisha kaburini kabla ya siku zangu: wanafungulia makopo ya sardini kwa visu vya jikoni. Nimesema mpaka mate yamenikauka. Wanachokolea misumari, wanapasulia vibanzi vya kuwashia moto, wanakwangulia masizi ya sufuria, halafu wananiletea kisu kimezungushiwa karatasi na kuniambia, "Papa, hii kisu haikate tena," kana kwamba kosa ni la kisu.

Mimi huwapokea. Nanung'unika kwanza, kisha napokea. Nakaa kwenye baraza ya mbele, hapa Likasi, upande wa Kikula, na kila asubuhi napanga vitu vyangu juu ya ubao kwa utaratibu uleule: kipande kinene cha kioo, mawe mawili ya kunolea, moja la kuparuza na moja laini, tupa tatu, na karatasi za msasa kuanzia zile zinazokwaruza kama ulimi wa ng'ombe hadi zile ambazo ukizigusa utadhani kitambaa. Mwisho wa ubao nalaza mkanda wa ngozi niliokuwa nikivaa kazini. Nilikuwa ajusteur katika karakana ya kampani, yaani fundi wa kulinganisha chuma na chuma mpaka vikutane bila mwanya. Kazi iliisha, mkanda ukabaki, na tumbo langu limepungua kiasi kwamba haunifai tena kiunoni.

Malipo sitaki. Wananiletea mayai, au bakuli la sombe, yaani majani ya muhogo, au hawaleti kitu, ni sawa. Kwa hiyo nina sifa ya kuwa mzee mwema. Wengine wanasema nimefiwa na natafuta cha kushikisha mikono, na hapo hawajakosea sana. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba kwa muda wa miezi kama minane nilikuwa natafuta kisu kimoja tu, kisu cha marehemu mke wangu, na sikumwambia mtu yeyote.

Nieleze kilipotelea wapi.

Mke wangu alifariki mvua zilipoanza. Kilio kilifanyika hapahapa nyumbani. Kwetu kilio ni msiba pamoja na siku zake zote: wanaume wanakaa nje kwenye viti vya kukodi, wanawake wanajaa nyuma ya nyumba na masufuria, na hakuna anayekwenda kulala kwake mpaka mambo yaishe. Sasa, hakuna nyumba yenye visu vya kutosha kupikia umati kama ule. Kwa hiyo kila mama anakuja na kisu chake ndani ya kitenge, na kila kisu kina alama. Mmoja amefunga uzi mwekundu kwenye mpini. Mwingine amedondosha rangi ya kucha kwenye ubapa. Mwingine amekata pengo dogo kwenye mgongo wa kisu. Siku ya kumaliza kilio visu vyote vinamwagwa kwenye beseni, na kila mama anachukua chake.

Kisu cha mke wangu hakikuwa na alama. Alikuwa akienda nacho kwenye vilio vya watu na kurudi nacho, na nilipomuuliza siku moja jinsi anavyokitambua katikati ya visu vya watu wote, alicheka. "Haina shida," alisema. "Ile kisu inanijua minye." Alikuwa na majibu ya namna hiyo, na mimi sikuwa mtu wa kuuliza mara mbili.

Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, hakulipenda jambo hilo hata kidogo, na miaka ya kwanza ya ndoa yetu alimkemea mpaka mke wangu akajifunza kutoa sahani kwa kulia, kusalimia kwa kulia, hata kukata mboga kwa kulia mbele ya watu, polepole, midomo imebanwa. Lakini nyuma ya nyumba, akiwa peke yake, kisu kilihamia kushoto na mboga ilikatika upesi sana. Nililijua hilo kama mtu anavyojua rangi ya mlango wake.

Alikinoa mwenyewe. Alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ile ngazi moja ya saruji, na kukivuta pembeni: shwaa, kimya kidogo, shwaa. Baada ya kustaafu nilikuwa nasikia sauti hiyo kila siku karibu na saa sita mchana, nikiwa nimejilaza chumbani, na ndiyo iliyonijulisha kwamba chakula kinakaribia. Saruji ilichimbika hadi ikafanya mfereji. Nilimgombeza. Mimi, fundi wa vipimo, kuona mtu ananolea kisu kwenye ngazi!

"Unamaliza ngazi yangu," nilimwambia.

"Na weye unanolaka bya kampani tu," alinijibu. "Yangu utainola siku gani?"

"Lete kesho."

Alikileta, nadhani mara mbili au tatu katika maisha yetu yote. Alikiweka mezani asubuhi. Jioni alikikuta palepale, akakirudisha jikoni.

Basi. Kilio kiliisha, watu wakatawanyika. Binti yetu akarudi Lubumbashi, kijana wetu akarudi Kolwezi, kila mmoja na kazi yake na watoto wake, na siwalaumu, ingawa siku zile niliwalaumu. Niliachwa na nyumba yenye vyumba vitatu. Kesho yake nilitaka kukata kitunguu. Nikafungua saraka ya jikoni nikakuta kisu kifupi chenye mpini wa plastiki ya njano, kisu ambacho sijawahi kukiona. Cha mke wangu hakikuwepo. Nilitafuta chini ya meza, ndani ya ndoo, kwenye gunia la unga, nyuma ya nyumba kwenye majivu ya mafiga. Nilikuwa sijalia mbele za watu siku zote nne, nilijikaza kiume kama wanavyosema. Pale jikoni, na kitunguu ambacho hakijakatwa, nililia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

Utasema: si ungeuliza? Jaribu wewe. Wanawake wale walinipikia siku nne, walimwosha mke wangu, walifagia uwanja wangu. Halafu nipite nyumba kwa nyumba nikiuliza nani kaondoka na kisu? Hata ningeulizaje, lingesikika kama tuhuma. Kuna mambo mtu mwenye kilio anadaiwa na watu, na la kwanza ni kunyamaza kuhusu vitu vidogo.

Ndipo nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili sana. Nilimwambia mama mmoja, halafu mwingine, kwamba nina mawe na muda, walete visu vyao nivitengeneze. Nilihesabu kwamba kisu cha mke wangu kiko ndani ya nyumba mojawapo ya barabara hii, na kwamba siku moja kitakuja chenyewe barazani, kimezungushiwa karatasi. Nitakitambua, nitasema kwa utani, "Eh mama, hii si ya kwetu?" na mambo yatakwisha kwa kicheko.

Visu vikaja. Havikuja viwili vitatu, vilikuja kwa mafurushi. Mwanzoni nilikuwa nafungua kila karatasi nikitafuta mpini mweusi wa mti wenye riveti mbili za shaba. Hapo niligundua jambo lililoniuma: mpini mweusi na riveti mbili ndivyo vyote nilivyokuwa nakumbuka. Nimekula kwa kisu kile zaidi ya miaka thelathini. Ubapa wake ulikuwa mpana au mwembamba? Ncha yake ilikuwa imepinda? Sikujua. Ningeweza kukuchorea kila kipande cha pampu niliyoihudumia kazini, na kisu kilicholisha watoto wangu sikuweza kukueleza.

Lakini kazi ina njia yake ya kumshika mtu. Kutu niliitoa kwa ndimu na majivu, nikiacha kisu kimelala usiku kucha ndani ya kitambaa kilicholowa. Mapengo niliyashusha kwa tupa. Kisha kioo, msasa juu yake, matone ya maji, na ubapa unakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, namba hii hadi namba ile, mpaka mikwaruzo yote ielekee upande mmoja, halafu ipungue, halafu ipotee. Mwisho mkanda. Ukifika hapo unaona jicho lako ndani ya chuma. Umeme kwetu huja unapotaka wenyewe, kwa hiyo sikutumia mashine, na sikuitamani. Mashine ingemaliza kisu kimoja kwa dakika kumi, na mimi nilikuwa na asubuhi nzima ya kujaza, na mchana wake.

Kuna siku nilikuwa siongei na mtu mpaka jioni, isipokuwa kisu. Siyo kichaa, ni kuzoea. Nilikigombeza kisu, nikamgombeza mwenye kisu, nikajigombeza mwenyewe nilipojikata. Binti yangu alikuwa anapiga simu Jumapili baada ya misa. "Papa, unakula?" Nakula. "Unalala?" Nalala. "Uko na nani hapo?" Niko na watu wengi, nilimwambia, nikitazama visu saba kwenye ubao.

Sasa nikiri kosa langu la kwanza, ambalo nililiona ni sifa. Mama mmoja wa nyumba ya mkabala, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto, aliniletea kisu chenye pengo kwenye mgongo. Nililiona pengo, likanikera, nikalilinganisha kwa tupa hadi mgongo ukanyooka. Alipokuja kuchukua, alikigeuza, akakigeuza tena.

"Papa, alama yangu iko wapi?"

"Alama gani? Kulikuwa na pengo, nimelitoa."

"Ile haikukuwa pengo, papa. Ile njo jina yangu!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilijitetea, nikasema nitalirudisha, akasema niache, kisu kinang'aa kama kioo cha saluni, atakitambua kwa uzuri wake. Mtu mwingine angejifunza. Mimi nilivimba kichwa. Kisu kilichong'arishwa vizuri halafu kina doa la rangi ya kucha katikati, mimi siwezi kukiachia kitoke barazani kwangu. Nikaendelea. Rangi nilizitoa, nyuzi nilizikata ili kusafisha mipini, mapengo niliyalinganisha. Baada ya miezi kadhaa visu vya barabara yetu vilikuwa vimefanana kama wanafunzi siku ya sare mpya.

Kati ya visu vile kuna kimoja nilikipokea kutoka kwa mama anayeuza makaa kwenye kona. Magunia yake yanatoka njia ya Buluo, na yeye ni mtu wa maneno machache, mikono myeusi daima. Kisu chake kilikuwa kimeoza kwa kutu, na mpini wake ulikuwa kijiti kilichozungushiwa mpira wa tairi la baiskeli. Nilipokisafisha niliona jambo lililonipandisha hasira. Makali yalikuwa yamenolewa upande mmoja tu, tena upande usiofaa, kwa miaka na miaka. Upande mmoja umelala, mwingine umesimama wima. Kisu cha namna hiyo ukikishika kinakimbia pembeni, hakifuati mkono.

"Nani aliharibu kisu hiki?" nilimwuliza.

Mama wa makaa alitazama chini. "Sijue, papa. Nilikipataka tu vile."

"Mtu huyu hakujua kunoa kabisa."

Nilimwona ameona haya, nikafikiri ni haya ya kushindwa kutunza kisu. Nilifanya kazi siku mbili. Nilishusha chuma kingi, kingi sana, mpaka kisu kikapungua upana, ili pande zote mbili zilingane. Nilikagua kwa kioo, nikakagua kwa kucha. Nilikata nacho karatasi ya daftari pasipo kusikia sauti. Niseme wazi: katika visu vyote vya barabara ile, hicho ndicho nilichojivunia zaidi. Nilimrudishia na kumwonya habari za sardini.

Kiangazi kikaingia. Juni na Julai hapa baridi inauma, asubuhi tunavaa makoti, na wazee hufa. Alikufa mzee wa nyumba ya pembeni, mcheza dama, mtu tuliyekuwa tukisalimiana kwa kuinua kofia. Wanawake wakaenda na visu vyao kama kawaida. Siku ya kumaliza kilio nilikuwa nje na wanaume wengine, nasikia kelele nyuma ya nyumba, halafu vicheko, halafu kelele tena. Yule mama mcheshi akatokea, mikono kiunoni, akanijia moja kwa moja.

"Papa, weye njo ulifuta majina ya bisu yetu. Sasa kuja ubisome!"

Wanaume walivunjika mbavu. Nikamfuata nyuma. Beseni lilikuwa katikati ya uwanja, visu zaidi ya ishirini vinang'aa ndani yake, na wanawake wamelizunguka wakibishana, kwa maana mipini mingi ya sokoni inafanana na alama nilikuwa nimezifuta zote. Walinipa kibao nikae. Nikavuta beseni.

Ninapenda kusema kwamba nilifanya kazi nzuri. Kila kisu nilikijua. Hiki kilikuwa na ufa karibu na ncha, nikakifupisha, ni cha mama wa nyumba ya tatu. Hiki chuma chake ni laini, hakishiki makali siku mbili, ni cha mama mwenye mashine ya kushonea. Hiki kilichomwa moto, kina kivuli cha bluu ambacho sikuweza kukitoa. Nilikuwa nainua kimoja kimoja na kutaja mwenye nacho, na wanawake wakapiga makofi kila nilipopatia. Tangu mke wangu afe sikuwa nimekaa katikati ya watu wanaofurahia kuwa nipo. Nilitaka beseni lisiishe.

Kikabaki cha mwisho, chenye mpini wa mpira.

"Hiki ni cha mama wa makaa," nilisema. "Kilikuwa kimenolewa upande usiofaa. Kilinitesa siku mbili."

"Aa, ile kisu!" alisema mama wa makaa, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka. "Mbele ilikuwa inakatala mukono yangu. Ukikata mboga, inakimbia. Sasa vile papa alitengeneza, inanisikia. Minye nilikuwa nasema, pengine mwenyewe alikuwa muntu ya mukono ya kushoto."

Wanawake wakacheka. Nilikuwa nimekishika kisu kwa vidole viwili, ubapa juu.

"Mwenyewe nani?" niliuliza.

"Sijue, papa. Ni pa kilio njo nilipata hii. Yangu ilipotea, ikabakia hii tu mu beseni, nikakamata juu nisirudie mikono mitupu. Mupini yake mweusi ilikuwa imepasuka, nikaichoma mu moto ya mbabula." Sauti ikashuka. "Ilikuwa pa kilio ya kwako."

Nilimpa kisu. Sikumbuki niliaga namna gani. Ninachokumbuka ni kwamba wanaume nje walinikaribisha bukari, ugali wetu, na samaki, nikasema nimeshiba, nikatembea hadi kwangu na kukaa kitandani na koti langu.

Nilijichukia siku ile, sina neno jingine. Nilikishika siku mbili. Kilikuwa mikononi mwangu, kutoka asubuhi hadi jioni, siku mbili, kisu ambacho nilikuwa nakitafuta. Na kila kitu chake kilichokuwa chake, ule mlalo wa makali uliofanywa na mkono wake kwa miaka yote ile, ndicho nilichokiita kosa. Nilikitoa chembe kwa chembe, nikakipangusa na kitambaa, nikakitupa uani pamoja na maji machafu. Aliniomba nimnolee kisu chake tangu tulipooana. Siku niliyokinoa, nilikinoa hivyo. Nikajivuna.

Na niliuliza nani aliyeharibu. Hilo ndilo lililokuwa likinirudia. Nilisema mtu huyu hakujua kunoa kabisa.

Kesho yake asubuhi nilichukua kile kisu cha njano kutoka kwenye saraka. Nilikuwa sijakigusa tangu kilio, kilikuwa na kutu. Nilikitengeneza upesi lakini vizuri, na karibu na mpini nikaona kwa mara ya kwanza nukta tatu ndogo zilizopigwa kwa msumari. Safari hii sikuzigusa. Nikavuka barabara hadi kwenye kona, mama wa makaa akiwa anafungua gunia.

"Mama, hii si ya kwako?"

Alijipangusa mikono kwenye kitenge, akazitazama nukta. "Yeyee! Kisu yangu! Papa, uliipata wapi?"

"Ilibakia kwangu. Tangu siku zile."

"Juu ya nini haukuulizaka?"

"Na weye, mama? Juu ya nini haukukuja kuuliza?"

Akatikisa kichwa. "Ni haya, papa. Muntu anatoka kuzika bibi yake, na weye unaenda kumuuliza kisu?"

Tulisimama pale, yeye na kisu chake, mimi na mikono mitupu. Kati ya mlango wangu na gunia lake hakuna hatua mia moja. Nikamwambia. Ilibidi nianze mara mbili.

"Ile ya mpira. Ilikuwa ya bibi yangu."

Niliona anakumbuka vicheko vya jana, mmoja mmoja. "Alikuwa wa mukono ya kushoto?"

"Wa kushoto."

"Papa, unisamehe. Sikujua. Kwa bantu nilikuwa namuona anakataka na kuume."

"Kwa watu, ndiyo. Hukukosa, mama. Minye njo nilikosa."

Aliingia ndani. Alikaa muda. Alipotoka kisu kilikuwa kimeoshwa na kukaushwa, na alikuwa ametoa ule mpira, kikabaki chuma na kijiti. Alinipa kwa mikono miwili, mpini mbele. Kisha akasema atakuwa anapita jioni kunisalimia, na nikasema karibu, na wote tulijua kwamba magunia yake hayamwachi kupita popote. Hata hivyo amepita mara mbili.

Nilirudi na kisu. Sikwenda barazani, kwenye kioo na misasa. Nilipita ndani, nikafungua mlango wa nyuma na kukaa kwenye ngazi, pale alipokuwa akikaa. Miezi yote ile nilikuwa sijakaa pale. Mfereji ulikuwa bado upo, umejaa vumbi jekundu. Nikaupuliza. Nikaweka kisu ndani yake kwa mkono wa kulia, nikaona haiwezekani: mkono unavuka magoti, kiwiko kinagonga, chuma kinasimama vibaya na kukwama. Nikatoa. Nikatafuta kona nyingine ya kukaa, hakuna, upande wa pili ni ukuta.

Basi nikakihamishia mkono wa kushoto. Hapo kisu kililala chenyewe. Mfereji ulikipokea, ukakilaza kwenye mlalo wake, na sikulazimika kupima kitu. Mkono wangu wa kushoto ni mjinga, haujawahi kufanya kazi yoyote ya maana. Kurudisha kile nilichokitoa kutachukua muda mrefu kuliko nilionao, hilo naweza kulihesabu, vipimo ndiyo kazi yangu.

Nikavuta. Shwaa. Nikanyamaza kidogo, kama alivyokuwa akinyamaza, nikavuta tena.

Ilikuwa karibu saa sita. Mlango nyuma yangu ulikuwa wazi, na ndani hakukuwa na mtu wa kusikia kwamba chakula kinakaribia.